Machipukizi ya Warigia

Wangeci aliamkia shambani kama kawaida yake, akakuta mgomba mwingine umelala chini, mkungu wake ukiwa bado mchanga. Alilaumu upepo. Akaukatakata na kutandaza vipande kwenye mashina ya migomba mingine viwe mbolea, kama mama yake alivyofanya siku zote.

Hapo ni Theta, mwaka 1957, mvua ndefu ikikaribia. Jumamosi binti yake Warigia, aliyeolewa Kalimoni, angekuja kuchukua machipukizi ya kuanzia shamba lake. Wangeci mwenyewe alipewa ya kwake na mama yake, yakiwa na mchanga wa nyumbani. Iliyokuwa ikianguka sasa ndiyo migomba hiyo, na hilo lilimuuma.

Alhamisi alipita Kisilu, bwana shamba, akisukuma baiskeli.

"Habari ya hapa, mama?"

"Mzuri, lakini huu upepo utanimaliza."

Kisilu alikata kitako cha mgomba ulioanguka. Ndani kulikuwa na vijia vyeusi. "Si upepo, mama. Umeliwa na fukusi."

Wangeci alinuna. Kijana wa soksi ndefu amfundishe migomba yeye, aliyelea watoto sita kwa ndizi!

"Usiniamini mimi," Kisilu alisema. "Pasua kigogo kibichi cha mgomba, ukilaze karibu na shina, upande uliopasuliwa uangalie chini. Kesho asubuhi ukifunue."

Ijumaa alikifunua. Wadudu weusi walikuwa wamelala kimya, wakijifanya wamekufa. Kisha mmoja akatembea. Wangeci aliona haya. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiwatandikia kitanda.

Kisilu alipopita tena, Wangeci hakununa.

"Sasa nifanye nini?"

"Fukusi hutaga mayai kwenye kitako, na watoto wake hutoboa humo mpaka mizizi inakosa nguvu. Menya kitako cha chipukizi mpaka kiwe cheupe. Lenye tundu, tupa. Maganda yachome. Panda siku hiyo hiyo, mahali ambapo hapajawahi kuwa na mgomba. Na vigogo vikatekate, uvianike juani, mbali na mashina."

Jumamosi Wangeci alimenya. Mumewe, Gichuru, alicheka.

"Unampa mtoto vitu uchi? Watu wa Kalimoni watasema nini?"

"Na mchanga wa nyumbani, maitu?" Warigia alimuuliza mama yake.

"Mchanga wa nyumbani una wadudu, mwanangu." Maneno hayo yalimtoka kwa shida.

Kati ya machipukizi kumi na moja, matatu tu yalikuwa safi. Warigia aliondoka nayo. Wiki iliyofuata Wangeci aling'oa migomba yake yote, akapanda maharagwe. Jirani walimshangaa, naye aliwaacha washangae.

Miaka miwili ikapita. Asubuhi moja, baada ya upepo mkali, Warigia alifika akiwa amebeba mkungu mzito mgongoni.

"Migomba yako imeanguka mingapi?" Wangeci aliuliza kabla hata ya kumkaribisha.

"Hata mmoja, maitu."

Kisha Warigia akafungua kiondo. Ndani mlikuwa na machipukizi matatu, yamemenywa mpaka meupe.

Wangeci aliyageuza moja moja akitafuta tundu. Hakuona hata moja. Machozi yalimlengalenga. Gichuru hakucheka safari hii. Alichukua jembe, akaenda kuchimba mashimo.