Bibi Nyanjige Juu ya Fisi

Jumamosi asubuhi Bibi Nyanjige alikaa uani kwenye kigoda chake, akipepeta mchele. Mjukuu wake Milembe hakutulia. Alishika ufagio, akauacha. Alikaa, akainuka tena.

"Una siafu mwilini?" bibi aliuliza.

"Hapana, bibi. Nataka nikupige picha, halafu niwahi studio."

"Piga basi, uondoke. Unanitilia vumbi kwenye mchele."

Milembe alisoma sekondari mjini Bariadi. Mwalimu wake wa sanaa, Bi Felisita, aliwapa wanafunzi kazi. Kila mmoja atengeneze picha nne za ndoto kwa kompyuta. Picha ya ndoto huunganishwa. Unamtoa mtu kwenye picha moja, unamweka kwenye picha nyingine. Ng'ombe anaweza kupaa. Samaki wa Lamadi, kule ziwani, anaweza kuogelea juu ya shamba la pamba.

"Pangeni kwanza," mwalimu alisema. "Choreni kwenye karatasi. Picha inasema nini? Nani yumo? Nani ataiona?"

Milembe hakupanga. Kupanga kulimchosha. Alitaka kubonyeza tu.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Kampuni binafsi zilinunua pamba, na maduka mapya yalifunguliwa kila kona. Kijana mmoja wa Bukoba, Novatus, alifungua studio ya picha karibu na stendi. Alikuwa na kamera ya dijitali, kompyuta na printa. Alimruhusu Milembe kujifunza pale, akamwazima na kamera.

Siku hiyo Milembe alimkata bibi kwenye picha ya uani. Akatafuta mnyama wa kumbeba. Kwenye kalenda ya mbuga ya wanyama, ukutani, palikuwa na fisi mkubwa, mzuri.

"Bibi analalamika miguu," alisema akicheka. "Nampa usafiri."

Novatus aliipenda sana. Aliichapa kubwa, akaibandika mlangoni.

Msomaji wa Usukumani, najua tayari umeshika kichwa. Huku kwetu wapo wanaoamini kuwa mchawi humpanda fisi usiku. Na Nyanjige ni mjane, mzee, macho mekundu, ambayo husemwa ni ya mchawi, kumbe ni moshi wa kuni. Vikongwe wameuawa kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Milembe alizisikia hadithi hizo, akaziona za kizamani. Novatus hakuzijua kabisa.

Jirani yao Ngassa alipita stendi mchana. Ndama wake alikuwa amekufa wiki ile. Aliiona picha, akarudi mtaani mbio.

"Nimemwona kwa macho yangu!" alisema. "Kamera haidanganyi!"

Jioni watoto wa Ngassa hawakuja kuchota maji kisimani kwa bibi. Wanawake walimwona bibi njiani, wakageuza njia. Vijana wawili walisimama mbele ya nyumba, wakatazama mlango, wakaondoka bila salamu.

Milembe aliogopa. Alikimbia kwa Bi Felisita.

"Naenda kuifuta, mwalimu! Naichoma moto!"

"Ukiichoma watasema mmeficha ushahidi," mwalimu alijibu. "Niambie. Bibi alijua utamweka juu ya fisi?"

"Alijua nampiga picha tu."

"Kukubali kupigwa picha si kukubali kuwekwa popote. Uso ni wake, Milembe. Ungepanga, ungeona jina la bibi na neno fisi kwenye karatasi moja. Mkono wako ungesita wenyewe."

Milembe alilia.

"Utalia baadaye. Kwanza usalama wa bibi. Twende kwa mwenyekiti wa mtaa, sasa hivi. Tishio kama hili halikaliwi kimya."

Mwenyekiti aliwaonya wale vijana mbele ya wazazi wao. Akamwita Ngassa na majirani wafike studio kesho yake. Bibi alilala kwa mwalimu. Alikasirika sana.

"Nimezaliwa hapa, nimemzika mume wangu hapa," alisema. "Leo nalala kwa watu kama mwizi. Kesho nakwenda huko studio mwenyewe."

Kweli alikwenda. Aliingia wima.

"Mwadila," alisalimu.

"Mwadila, mayu," wachache walijibu, wakimwita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo.

Novatus aliwasha kompyuta. Milembe alisimama mbele ya watu.

"Picha hii nimeitengeneza mimi," alisema. "Bibi hakujua. Tazameni."

Novatus alimwondoa bibi. Fisi akabaki peke yake. Kisha akaonyesha picha ya kwanza: bibi yuko uani, kwenye kigoda, ungo mkononi.

"Hata kivuli tazameni," Milembe aliendelea. "Cha fisi kimelala kushoto. Cha bibi, kulia. Jua gani hilo?"

Mtu mmoja alicheka. Wengine wakafuata. Ngassa alichungulia nyuma ya kompyuta, hakuona kitu.

"Na ndama wangu?" aliuliza.

"Ulimwita bwana mifugo?" mwenyekiti aliuliza.

"Sikumwita."

"Kamwite, una wengine zizini. Bibi si daktari wa ndama."

Milembe alipiga magoti mbele ya bibi yake. "Nisamehe. Nilikuchezea."

"Inuka, ng'wanawane, mwanangu," bibi alisema. "Sasa hiyo kazi ya shule utaifanyaje?"

Safari hii walipanga wote wawili. Milembe alichora kwa penseli, bibi akaamua.

"Nikae juu ya pamba?"

"Pamba sawa. Ipae. Nataka kuona ziwa."

"Chatu je, akiwa mkanda wako?"

"Toa huyo."

Milembe alimfuta chatu bila kubisha. Alipiga picha zote saa zilezile za asubuhi, vivuli vikalala upande mmoja. Kila kipande alikiomba kwa mwenyewe, hata cha ng'ombe. Chini ya kila picha aliandika: Picha hii imeunganishwa. Waliomo wamekubali.

Shule ilipofungua maonyesho, mtaa mzima ulikuja. Bibi alipaa juu ya Bariadi, amekaa kwenye lundo la pamba. Watu walicheka, wakampa mkono. Watoto walikuwa wamerudi kisimani, na bibi alilala kwake bila hofu.

Ngassa alisimama mbele ya picha. Kisha akavua kofia.

"Milembe, nami niweke hapo kando ya mayu. Watu waone tumepatana."

Milembe alifungua mdomo akubali. Akaufunga. Akamgeukia bibi yake.

Bibi Nyanjige alimtazama Ngassa kuanzia viatu hadi kichwani.

"Ng'ombe wako wawe salama, baba. Hilo nakuombea," alisema. "Ila kwenye picha yangu, hapana. Bado."

"Umesikia, baba," Milembe alisema.

Ngassa aliinamisha kichwa, akavaa kofia yake. Hakuna aliyembembeleza bibi.