Nyumba Iliyopumzisha Umeme Mchana

Kila asubuhi, chai ikishanywewa, fundi cherehani alizima swichi kuu ya nyumba. Friji lilinyamaza. Feni ilizunguka taratibu, kisha ikasimama. Nyumba nzima ikatulia kama mtu aliyepitiwa na usingizi mtamu.

Desturi hiyo aliirithi kwa baba yake. Mzee alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Huko mashine ilipumzishwa mchana isije ikaungua. Basi akaamini kwamba hata umeme wenyewe unachoka. Maziwa yalichacha ndani ya friji, lakini nani angebishana na mzee?

Mchana kutwa fundi alikata vitambaa kwa mwanga wa dirishani. Baba yake alikaa kando yake, akisinzia, akiamka, akisinzia tena. Macho yake yalikuwa yanaondoka kidogo kidogo, na daktari alisema hayatarudi. Jua lilimtoa machozi, na watu aliwaona kama vivuli. Ila chini ya taa kali ya mezani, sura za watu zilimrudia. Alikuwa na hamu moja tu: amwone kitukuu wake vizuri kabla giza halijafunga kabisa.

Mama wa mtoto, binti wa fundi, alifanya kazi dukani, akienda naye mgongoni. Walirudi jioni. Na jioni ndipo nyumba ilipoamka. Fundi alishona kwa cherehani ya umeme. Mumewe alipiga pasi nguo za wateja. Maji ya kuoga yalichemshwa, na friji lilinguruma kama limekosewa. Nyumba za jirani nazo zilifanya hivyo hivyo. Saa hiyo hiyo taa ya mezani ilififia, ikawa na rangi ya chai ya rangi.

Mzee alimpakata mtoto, akamgeuza huku na huku.

"Namsikia," alisema. "Simwoni."

Fundi aliingia jikoni akalia. Umeme walionunua nao uliisha upesi siku hizi, ingawa walijibana mno.

Jirani yao alikuwa mwanamke fundi umeme. Mtaani walimwita Bi Waya. Alikuja kuchukua gauni lake, akaikuta taa inafifia, akauliza nyumba hii hutumia umeme saa ngapi. Fundi akamweleza kwa fahari jinsi wanavyouzima mchana kutwa. Bi Waya alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ndugu yangu, mnatwanga maji kwenye kinu," alisema. "Bei imebadilika. Sasa inafuata saa. Mchana ni nafuu, jioni ni ghali. Nyinyi mnafunga mlango wakati wa nafuu, mnaufungua wakati wa ghali."

Tangazo la bei hiyo walikuwa wamelisikia. Walidhani ni la viwandani.

Mume wa fundi akauliza kwa nini umeme ule ule uwe na bei mbili. Bi Waya akakaa, akaeleza polepole. Umeme mwingi hauwekwi ghalani kama nafaka. Hutumika pale pale unapozalishwa. Mchana mitambo ya jua hutoa umeme tele, na watumiaji si wengi. Jioni jua limezama, na kila nyumba inawasha vyake. Hapo huwashwa mitambo inayochoma mafuta, na mafuta ni ghali. Isitoshe, mtaa mzima unategemea transfoma moja. Ni kama mlango mmoja unaopitwa na watu wote kwa mpigo. Nyumba hii iko mwisho wa waya, kwa hiyo nguvu huifikia imepungua.

Mzee, aliyedhaniwa amelala, akafumbua macho.

"Kwa hiyo umeme hauchoki?"

"Hauchoki, baba. Waya na transfoma ndivyo vinavyoelemewa, tena jioni, si mchana."

Mzee alikaa wima. Kisha akasema swichi iachwe. Wote walitazamana, maana hawakuwahi kumsikia akibadili neno.

Kesho yake fundi alishona mchana, na pasi ikapigwa mchana. Jioni mwanga wa taa uliongezeka kidogo tu. Bi Waya alisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mtaa mzima lazima usogee. Basi wakapita nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba ya kupangisha alikubali pampu yake ya maji ifanye kazi mchana. Dobi alikubali pia. Kinyozi alikataa.

"Wateja wangu wanatoka kazini jioni," alisema. "Niwanyoe wakiwa kazini?"

"Asiyeweza asilaumiwe," Bi Waya alijibu. "Anayeweza ndiye asogeze."

Siku ya kwanza walivuruga. Saa ya nafuu ilipoingia, pampu, pasi na mashine za kufua ziliwashwa kwa pamoja, na umeme ukakatika mtaa mzima. Mzee alifurahi kuliko inavyofaa.

"Si niliwaambia unataka kupumzika?"

Baada ya hapo walipeana zamu. Pampu zilitangulia, dobi akafuata, pasi zikaja baadaye. Mchana wa mtaa ule ukajaa mlio mwororo wa mashine, na feni ikampepea mzee akiota ndoto zake. Maziwa hayakuchacha tena, na umeme wa fundi ukakawia kuisha.

Jioni moja mama wa mtoto aliporudi, taa ya mezani ilikuwa inawaka nyeupe, bila kutetemeka. Mtoto aliwekwa mapajani pa mzee. Mzee aliinama karibu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ana kishimo shavuni," alisema mwishowe. "Mbona hamkuniambia?"

Alimbusu, akamrudisha kwa mama yake. Kisha akamgeukia fundi, akamshika kidevu, akausogeza uso wake kwenye mwanga.

"Nawe, mwanangu, umeota mvi lini?"

Fundi alicheka huku machozi yakimtoka. Akavuta kiti karibu na taa, akakaa, ili baba yake amtazame hadi atosheke.