Mzimu wa Pipa la Njano

Jumamosi ile maegesho ya kanisa yalifurika watu na mapipa. Mapipa yenyewe yalikuwa mapya, ya buluu, yenye magurudumu na vifuniko, makubwa kiasi cha kumfika Verna Sobotka kifuani, na manispaa ilitaka kila nyumba ichukue moja kwa ajili ya chupa, makopo na makaratasi. Ugomvi wa mahali pa kuyaweka ulikuwa umeshaanza.

"Nyumba yangu ina upana wa futi kumi na mbili!" mzee mmoja alikuwa akifoka. "Nilale nalo kitandani?"

Verna hakufoka. Alisimama kwenye foleni akiwa na gauni la kitani rangi ya zeituni alilolishona mwenyewe na skafu ya njano shingoni, amelikumbatia pipa lake la zamani kama mama aliyepeleka mtoto kuchomwa sindano. Lilikuwa dogo, la njano, halina kifuniko wala magurudumu. Ubavuni lilichorwa namba ya nyumba, 614, na chini ya namba bata maji mweupe. Aliyelichora alikuwa Kazimir, mume wake, aliyefariki miaka mitatu iliyopita mwezi wa Aprili.

"La zamani unaliacha hapa, kipenzi," alisema binti aliyekuwa mezani akigawa mapipa.

"Siliachi."

"Haya, kipenzi. Lakini Julai ikiingia hatulibebi tena."

Hapa mjini Baltimore kila mtu ni kipenzi, hata askari anayekubandikia faini kwenye gari. Neno lenyewe limechakaa mpaka halina ladha. Verna alilishika lile dude la buluu kwa mkono mmoja, gurudumu likanasa kwenye ufa, likapinduka na kumwangukia mtu wa nyuma yake.

"Pole! Jamani, pole sana!"

"Limenionea mimi tu katika watu wote hawa," alisema yule mtu, akilisimamisha. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka hamsini hivi, kofia ya majani kichwani, shati la samawati limepigwa pasi, na mwilini ananukia mkate wa moto. "Alonzo Pettiford. Nakaa mkabala na wewe, namba 617."

Verna alimjua kwa mgongo. Ndiye yule jirani mwokaji mikate, anayefanya kazi usiku na kulala mchana.

"Nikusukumie?"

"Na lako?"

"Langu litanifuata lenyewe, si lina magurudumu?"

Verna alicheka. Alijishangaa, maana alikuwa hajacheka hadharani kwa muda mrefu.

Kati ya nyumba yake na ya Bi Philomena kulikuwa na kichochoro chembamba chenye paa. Alonzo alilipitisha pipa humo likikwaruza kuta zote mbili, linakoroma juu ya matofali. Bi Philomena, aliyekuwa akisugua ngazi zake za marumaru, alinyanyua brashi.

"Hilo si pipa, mwanangu, hilo ni mpangaji!"

Wakapeana namba za simu, kwa kisingizio cha pipa.

Sasa lazima niseme jambo ambalo Verna hakumwambia mtu yeyote. Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi alisahau kutoa pipa. Alipofungua mlango alilikuta mbele ya nyumba, tupu, limefudikizwa kwenye ngazi ya chini, vilevile Kazimir alivyokuwa akilifudikiza ili mvua isituame ndani. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyohivyo. Tangu hapo akawa analiacha kichochoroni Alhamisi jioni, na asubuhi anabaki kitandani amefumba macho mpaka lori lipite.

Angeweza kuchungulia. Dirisha la mbele lilikuwa na wavu uliochorwa na Kazimir: aliye nje anaona nyumba ndogo ya paa jekundu na bata maji wawili, aliye ndani anaona barabara yote. Hakuchungulia hata siku moja. Aliogopa kumwona mtu, na aliogopa zaidi kutoona kitu.

Kila Agosti, Alhamisi ya juma alilozaliwa Kazimir, aliacha ngazini kipande cha keki ya pichi kilichofungwa kwa foili, na asubuhi hakikuwepo. Mwaka wa kwanza karatasi ya foili aliikuta chini ya pipa, imekunjwa mraba mdogo nadhifu. Aliitunza kwenye droo ya cherehani. Miaka miwili iliyofuata hakukuta karatasi, wala hakujiuliza. Aliishi na mzimu wake kwa amani, na nyumba ilikuwa na mwenyewe.

Juni yote Alonzo alipiga simu kila siku kabla ya kwenda kazini.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe kipenzi chako ni kile cha mtaani au kile chenyewe?"

"Cha mtaani nimewaachia wenye mtaa. Hiki nimekioka mwenyewe."

"Maneno hayo unayawekea hamira, ee?"

"Kidogo tu. Yanaumuka yenyewe nikisikia sauti yako."

Walikwenda sokoni pamoja, wakala kaa kwenye meza iliyotandikwa magazeti, vidole vimejaa viungo vyekundu. Siku moja, sauti ikiwa chini, Verna alimwambia kwenye simu, "Alonzo, mimi si mpweke kama watu wanavyodhani. Kuna anayenitunza. Tangu Kazimir aondoke."

Alonzo akasema taratibu, "Najua."

Verna alifikiri ameeleweka, na moyo wake ukafunguka kama dirisha. Kumbe kila mmoja alikuwa na lake.

Ijumaa ya kwanza ya Julai manispaa ilikoma kubeba mapipa madogo. Alhamisi jioni Verna alitia chupa zake kwenye lile la buluu, akaliacha kichochoroni, akalala akiwaza kama Kazimir ataweza kulisukuma.

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, jua limeshapiga paa za ng'ambo, alisikia mngurumo. Miaka yote pipa dogo lilikuwa likibebwa mikononi bila sauti. Hili lilikoroma kichochoro kizima, likakwaruza kuta, likagonga ukingo wa barabara. Na mzimu ukatoa kikohozi.

Mizimu haikohoi. Verna aliteremka na gauni la kulalia, akasogea kwenye wavu. Kati ya bata maji wawili alimwona Alonzo, nguo nyeupe za kazi, unga mpaka kwenye nyusi, akiligeuza pipa mpini uelekee nyumba. Alifungua mlango.

"Unafanya nini hapo?"

Alonzo aligeuka akitabasamu. "Si kama kawaida? Hili halifudikiziki, basi nimeona niligeuze tu."

"Kawaida gani? Ni wewe? Miaka yote hii ni wewe?"

Tabasamu lilimyeyuka. "Verna... si ulikuwa unajua?"

"Ningejuaje?"

"Si ulikuwa ukiniachia keki!"

Ng'ambo ya kichochoro brashi ya Bi Philomena ilisimama.

"Keki ile ilikuwa ya mume wangu!" Sauti ya Verna ilipasuka. "Umekula keki ya marehemu!"

"Watu huwaachia wabeba taka zawadi. Nikadhani unanishukuru. Ikawa kama siri yetu. Na uliposema kuna anayekutunza, mimi..."

"Nilikuwa nasema habari za Kazimir! Nilikuwa naye, Alonzo. Kila Ijumaa nilikuwa naye. Umemuua mara ya pili." Alikuwa akilia wazi mbele ya mtaa mzima. "Usiguse tena pipa langu. Na usinipigie."

Alifunga mlango. Kutoka nje, kwenye wavu, palionekana nyumba ya paa jekundu tu, yenye amani tele.

Ijumaa tatu alilisukuma lile la buluu mwenyewe. Alhamisi jioni aliacha pipa la njano kichochoroni, labda, labda tu, na asubuhi alilikuta palepale. Alimwita Kazimir kwa jina, jikoni, ngazini, kwenye kioo. Zamani alipoita nyumba ilimjibu kwa namna yake. Sasa ilikuwa nyumba tu. Alonzo alipiga simu mara tano, kisha akakoma, na kimya hicho cha pili ndicho kilichomnyima usingizi. Alikuwa akimsikilizia aliye hai, na aliona aibu mbele ya aliyekufa.

Agosti ilipoingia, Bi Philomena alimkuta anasugua ngazi.

"Mwokaji wako anahama. Dada yake yuko Richmond, amemtafutia kazi. Jumapili anaondoka. Hata pipa hatoi, limejaa mpaka kifuniko kimekataa kufunga."

"Si mwokaji wangu, Bi Philomena."

"Basi kwa nini unasugua ngazi moja tangu asubuhi?"

Ijumaa alfajiri, kukiwa kweupe, Verna alivaa gauni lake la zeituni, akavuka barabara. Pipa la Alonzo lilikuwa zito. Alilisukuma kwa tumbo, akilikaripia, mpaka ukingoni. Kisha akalifudikiza lile dogo la njano kwenye ngazi ya 617, na chini yake akaweka keki ya pichi nzima. Akarudi kusimama nyuma ya wavu wake. Alonzo alikuja kutoka kazini akiburuza miguu, akaona, akavua kofia. Alifunua pipa, akakaa ngazini. Baadaye simu ya Verna ikalia.

"Kuna mtu ametoa pipa langu," alisema. Sauti ilikuwa ya mafua, au ya machozi.

"Mzimu huo."

"Mzimu gani unaonukia sabuni ya kusugulia ngazi?"

"Njoo uulize."

Alonzo alivuka na keki mikononi. Walikaa kwenye ngazi nyeupe, pipa la buluu la Verna likiwa kando yao.

"Kwa nini ulianza, Alonzo?"

"Ile theluji kubwa, mama yangu alipokuwa hospitali. Nilirudi nikidhani sitapata pa kuegesha. Nikakuta mtu amechimba nafasi yangu, na katikati ameweka kiti cha jikoni ili isichukuliwe. Kazimir huyo. Nikarudi kwa mama, nikamuuguza mpaka nikamzika. Nakuja Oktoba kumshukuru, naambiwa mumeo naye ameshazikwa. Ijumaa yangu ya kwanza pipa lenu limejaa kichochoroni, lori liko kona. Nikalikimbiza, nikalifudikiza kama alivyokuwa akifanya mwenyewe."

"Oktoba?" Verna alimshika mkono. "Ulianza Oktoba?"

"Ndiyo. Keki zako nimekula mbili, Mungu anisamehe."

"Niliweka tatu."

Wakatazamana. Verna aliingia ndani, akarudi na ule mraba mdogo wa foili.

"Hii ni wewe uliyeikunja?"

Alonzo aliigeuzageuza. "Mimi hufinyanga tonge nikatupa. Hii nimeiona leo."

Upepo haukuwepo, ila wavu wa dirishani ulitikisika kidogo, au ilikuwa pumzi yao. Verna alilia, lakini safari hii kilio hakikumuuma. Kuanzia Aprili mpaka Oktoba hakuwa amejidanganya. Kisha Ijumaa ile ya Oktoba Kazimir aliliacha pipa kichochoroni, na aliye hai akapita.

"Alikuachia zamu," alisema.

"Nami niliipokea bila kujua." Alonzo alimfuta shavu, akamwachia unga. "Nisiende Richmond?"

"Uende ukamwambie nini dada yako? Kwamba umeacha pipa limejaa?"

"Verna."

"Usiende, kipenzi," alisema, na neno lilikuwa jipya kabisa.

Lori lilikuwa limefika kwa Bi Philomena. Verna aliinuka, akanyanyua kifuniko cha buluu, akaishika ile foili juu ya chupa na makopo.

"Una hakika?" Alonzo aliuliza.

"Ameshakula. Ameshaaga."

Akaiachia, akafunga kifuniko, wakasukuma pipa pamoja mpaka ukingoni.