Kipimo cha Arobaini na Moja

Nge walikuwa arobaini, kila mmoja na kisanduku chake. Asubuhi ile kompyuta ya maabara ikaonyesha vipimo arobaini na kimoja.

"Nimeanza kuchanganyikiwa?" mtafiti alijiuliza. Miaka sita alikuwa akipima nguvu za magando yao, apate kueleza jinsi nge walivyogeuka wawindaji hodari tangu enzi za mababu zao. Matokeo yalimgomea, na chuo kilikuwa kimempa mwezi wa mwisho. Kipimo hiki cha ziada kilikaa palepale nadharia yake ilipohitaji. Ungekuwa wewe ungekifuta? Wapi! Alikipa namba, akamtumia msimamizi wake.

Kila siku namba arobaini na moja ilibana zaidi. Maabara ikanuka mchanga uliolowa, na kisanduku kimoja cha akiba, kitupu, kikasikika kikikwaruzwa kwa ndani.

Kisha mama yake, aliyeishi naye, akaamka na michubuko miwili mkononi.

"Kuna kitu kinanibana, mwanangu," alinong'ona.

Michubuko ikapanda hadi begani, ikavuka kifuani, na siku ilipofika shingoni na mama akashindwa kumeza hata maji, mtafiti, yule yule aliyekuwa akiwacheka waganga mbele ya wanafunzi, alitoka mbio na ndala miguuni, akilia njia nzima, akamleta mganga maabara mchana kweupe.

Mganga alinusa, akakataa kuketi.

"Nani alimpa namba?"

"Mimi."

"Basi umemkaribisha mwenyewe. Mfute popote ulipomwandika."

"Lakini digrii yangu..."

"Binti, unataka digrii au mama?"

Akaifuta kwenye kompyuta na daftarini. Kukwaruza kukakoma. Alipofika nyumbani mama alikuwa anakunywa chai na kulalamika sukari haitoshi. Mtafiti akamkumbatia, akalia kwa furaha.

Simu ikaita. Msimamizi.

"Hongera, binti yangu! Ile namba arobaini na moja ni maajabu!"

Ile aliyomtumia alikuwa ameisahau kabisa.

"Profesa, ifute! Nakuomba, ifute sasa hivi!"

"Nifute nini tena? Nakala moja ninayo mimi, na tatu nimeshawapelekea watahini. Mbona unalia?"

Nyuma yake kikombe kilianguka. Harufu ya mchanga uliolowa ikajaa sebuleni.

"Mwanangu," mama alisema kwa taabu, "kimerudi. Leo viko vinne."