Bwana Harusi wa Kanda ya Arobaini na Moja

Jumanne, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Eteri mtunza kabati alifungua kabati la chuma kwenye ghorofa ya tatu ya idara ya usalama na kukuta nafasi ya kanda ya sauti namba arobaini na moja iko wazi. Kufuli lilikuwa zima. Waraka wa tafsiri, kurasa mbili zilizopigwa chapa, ulikuwa palepale, lakini kanda yenyewe haikuwepo.

Saa tatu kasoro robo Khaso Gaurgashvili aliingia kazini, kofia mkononi, akakuta watu wanamtazama kama mbwa aliyekula mkate wa mwenye nyumba.

Khaso alikuwa na miaka sitini na moja. Alikuwa dereva wa trekta kijijini Duisi, bonde la Pankisi, kabla idara haijamleta Tbilisi kusikiliza maongezi yaliyonaswa ya Kichecheni, lugha ya mama yake. Shule aliiacha darasa la tano. Miaka saba alikaa na visikilizio masikioni, akisikia watu wakikohoa, wakigombana juu ya kondoo, wakisali. Mkewe Zaira alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita ndani ya gari la jirani, njiani kwenda hospitali, upande huu wa mto, kwa sababu daraja ambalo wakubwa walilizindua mara mbili kwa utepe na ngoma lilikuwa halijajengwa bado.

"Khaso," alisema Kanali Otar Kvirikadze, mkuu wa kitengo, "kanda iko wapi?"

"Kanda gani?"

"Ya harusi ya Mausur Achishvili. Wewe ndiye uliyeitafsiri Ijumaa. Herufi zako hizi hapa chini."

Khaso alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Waraka ulisema kwamba Mausur, bwana harusi, alipanga kwenye karamu yake kuwashambulia walinzi wa mpaka. Chini kulikuwa na herufi mbili, Kh. G.

"Hii sijaisikiliza. Ililetwa Ijumaa jioni, nikaambiwa nitaianza Jumatatu. Jumatatu nilikuwa makaburini kwa mke wangu. Ruhusa uliisaini mwenyewe."

"Mnasikia?" Kanali aliwageukia wengine. "Ametafsiri, kisha damu yake ikamchemka, akaiba kanda amwokoe mtu wa bonde lake. Hata hivyo haitamsaidia. Saa kumi alasiri kijana anavushwa mpaka, na wewe, mzee, utamfuata kule chini mahabusu alikokuwa."

Kwenye kiti cha pembeni alikaa Manana Tsiklauri, mwendesha mashtaka aliyekuja kusaini karatasi za kumkabidhi Mausur kwa serikali ya ng'ambo ya mpaka. Alivua miwani. "Bila kanda sisaini haraka, Kanali. Mpaka saa kumi kuna muda. Nataka kuuliza watu."

Alianza na Eteri.

"Funguo za kabati ni ngapi, mama?"

"Mbili. Mmoja wangu, mmoja wa Kanali. Na usinitazame hivyo, binti yangu, mimi hata kinasa sauti sijui kukiwasha. Ninachojua ni vumbi na majiko. Leo jiko la ofisi ya Kanali limenuka tangu alfajiri kama mtu kapika kiatu."

"Jiko linahusiana nini na kanda?" Kanali alikereka.

"Mie nimeulizwa, nimejibu," alisema Eteri, akakunja mikono.

Wakamwita Lasha, mfasiri wa pili, Mjojia wa miaka ishirini na sita aliyejifunza Kichecheni chuo kikuu. Khaso hakuwahi kumpenda. Alimwona ni mtoto wa vitabu, anayelipwa mara mbili kwa kujua nusu.

"Wewe ndiye," Khaso alimwambia kabla Manana hajauliza. "Nani mwingine hapa anaijua lugha?"

"Mzee, naapa sijaigusa."

"Utaapa sana. Soma hapo." Khaso alimsukumia waraka. "Soma kwa sauti, wakusikie."

Lasha akasoma: "'Bwana harusi, akiwa ameketi kando ya bibi harusi kwenye meza kuu, aliinua glasi. Bibi harusi akacheka, akamwambia: kuwa mwangalifu. Bwana harusi akajibu...'" Alirudi juu ya mstari, akausoma tena kimoyomoyo. Masikio yakamwiva. Kisha akaangua kicheko, akajifunika mdomo. "Samahani. Lakini mzee, hii ni harusi ya nani?"

Khaso alimkazia macho. "Unacheka nini?"

"Kiangazi cha mwaka juzi nilialikwa harusi Birkiani, bondeni kwenu. Walinipa kazi ya kumpelekea bwana harusi chakula. Siku mbili nzima alijificha nyumba ya rafiki, mtaa wa pili. Nilipouliza kwa nini haji kwake, nusura wanipige. Na bibi harusi alisimama pembeni ya chumba, uso chini, bila hata neno."

Khaso alikaa. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile moyo wake ulitulia, akaanza kuona raha ile ya zamani, ya kufungua injini na kutafuta bolti inayogonga. Alikuwa amesoma waraka ule kwa hasira, akitafuta mwizi, asione kilichoandikwa.

"Bi Manana," alisema, "mtoto huyu hajaandika. Aliyeandika haijui kabisa harusi ya kwetu, ambako bwana harusi hujificha mpaka karamu iishe. Tena hakuhitaji Kichecheni. Karatasi ni ya Kijojia. Angeweza kuiandika mtu yeyote anayejua kupiga chapa."

"Ujinga," alisema Kanali. "Kama Mausur hakuwepo, mbona hajasema? Nimemhoji siku mbili. Namuuliza, ulifanya nini siku ya harusi yako? Anatazama viatu. Huko ni kukiri."

"Ulimuuliza wewe?" Khaso alisema. "Mtu wa umri wa baba yake?"

"Sasa nimlete nani, nyanya yake?"

Saa saba na nusu walishuka chini mahabusu. Mausur alisimama ghafla alipomwona Khaso, maana kule kwao kijana hakai mbele ya mzee. Khaso hakuingia. Alijua kwamba akivuka kizingiti tu, mdomo wa kijana utafungwa. Bwana harusi hazungumzii harusi yake mbele ya mkubwa, hata akitishiwa bunduki. Alimsukuma Lasha mbele, pamoja na Manana na daftari lake, yeye akageuza mgongo na kwenda mwisho wa korido, akasimama akihesabu mabomba ya ukutani. Dakika kumi na mbili. Alisikia kicheko kifupi cha vijana, halafu sauti zikashuka.

Waliporudi, Manana alikuwa amepauka. "Khaso, unajua alijificha kwa nani?"

"Sijui. Sikuwa mwalikwa."

Saa tisa na dakika tano walirudi ofisini kwa Kanali. Khaso alisimama karibu na jiko.

"Kanali, mimi sikusoma. Nisaidie. Ile kanda uliisikia kwa masikio yako?"

"Ijumaa, ukinifasiria mstari kwa mstari, hapahapa."

"Na Mausur alikuwa meza kuu?"

"Nimesikia sauti yake! Namjua. Alimwomba mkewe mkate."

Manana alinyanyua simu, akapiga tena namba aliyoipiga mchana ule, akabonyeza kipaza sauti. "Rudia ulichoniambia, sajini."

"Sajini Beka Duishvili, kituo cha polisi Jokolo," ilisema sauti. "Mausur alijificha kwangu, afande, tangu Jumatano jioni hadi Ijumaa asubuhi. Harusi ilikuwa Alhamisi. Tulicheza karata, nikamfunga mara tisa. Nimeandika kwenye daftari la zamu kwamba nina mgeni, kama kanuni inavyotaka. Hakuna aliyeniuliza."

Khaso alichukua koleo, akafungua mlango wa jiko, akavuta majivu. Katikati kulikuwa na donge jeusi, na ndani ya donge kigurudumu kidogo cha kanda chenye meno, nusu kimeyeyuka. Eteri alichungulia mlangoni. "Kiatu chenyewe hicho," alisema.

"Kwa nini, Kanali?" Manana aliuliza. "Au nisome alichosema Mausur? Masika, akichunga ng'ombe mtoni, aliliona gari lako la kijani likiwakabidhi ng'ambo wakimbizi wawili, mikono imefungwa, bila karatasi ya hakimu. Aliwasimulia rafiki zake. Harusini walilizungumza tena, mbele ya kinasa sauti ulichokitega mwenyewe."

Kanali alimtazama Lasha. "Nilikuomba unifasirie kipande tu. Dakika tano."

"Ijumaa usiku," Lasha alisema kwa sauti ndogo. "Aliniletea kipande, vijana wakiongea juu ya gari. Nikamfasiria. Sikujua ni kanda gani. Leo niliogopa kusema."

"Niliwapa ng'ambo walichotaka," Kanali alisema. "Mnadhani nchi ndogo inaishi kwa nini? Kwa harusi?"

"Wewe hujaishi kwa harusi," Khaso alimjibu. "Miaka kumi unatutegea masikio, hujawahi kuuliza bwana harusi anakaa wapi."

Saa kumi kamili, wakati kijana alipotakiwa awe njiani kuelekea mpaka, Manana alichana karatasi za kumkabidhi. Kanali alitolewa na askari wawili, kofia kichwani. Khaso hakufurahi sana. Alikuwa ameona wakubwa wengi wakiondolewa mlango mmoja na kuingilia mwingine.

Mausur alipandishwa juu. Alipita mbele ya Khaso macho chini, bila neno, akasimama kando mpaka mzee atangulie ngazi.

"Hata asante hasemi?" Manana alinong'ona.

"Amesema," alisema Khaso.

Akavaa kofia, akashuka taratibu, akikumbuka siku mbili alizojificha kwenye zizi la kondoo la rafiki yake, miaka thelathini na minane nyuma, na Zaira amesimama pembeni ya chumba cha watu, uso chini, akimngojea.