Kuvuta Mara Tatu

Emilian alikuwa fundi wa visima. Katika vitongoji vya jirani na Issuna hapakuwa na kisima kirefu ambacho hakukijua kwa ndani. Ndoo ikikatika kamba, aliitwa yeye. Mbuzi akitumbukia, aliitwa yeye. Alipotoka juu, ametapakaa udongo mpaka kwenye kope, watu walisema, "Huyu ndiye mtu wa chini." Alipenda sana kuitwa hivyo.

Mdogo wake, Scholastika, alifanya kazi Mafia. Habari zilipofika mara ya kwanza kwamba amekuwa mzamiaji, majirani walishika vichwa. Walidhani amejificha ndani ya meli kwenda Afrika Kusini. Mama yao, Agripina, alipita nyumba kwa nyumba kueleza, huku akicheka.

"Hajazamia meli. Anazama baharini. Anawaonyesha wageni samaki na matumbawe, na meli za zamani zilizolala chini. Anapumua humohumo majini, mtungi mgongoni."

Sasa Agripina alikuwa amefariki, na Scholastika alikuwa anakuja kwa ajili ya arobaini.

Wiki za mwisho, Emilian ndiye aliyemlisha mama uji na kumgeuza kitandani. Lakini siku aliyofariki, mama alifumbua macho mara moja tu. Aliuliza, "Skola kaja?" Kisha akayafumba. Emilian hakumwambia mtu maneno hayo.

Siku hizo kijiji kilikuwa na shida ya maji. Kulikuwa na lambo kubwa na pampu iliyovuta maji mpaka kwenye mabomba. Pampu ilinguruma, lakini bombani yalitoka matone. Chujio la bomba, kule chini ya lambo, lilikuwa limezibwa na matope na magugu. Kina chake kilikuwa mita sita. Emilian alikuwa amezama mara mbili kwa pumzi yake. Aliligusa chujio kwa mkono, akarudi juu akihema. Hakuweza kukaa chini na kulisafisha.

Siku moja mwenzake wa kazi, Antipasi, alimwambia, "Umesikia? Alute amempigia Skola simu. Aje na mitungi yake atusafishie chujio."

Alute alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji.

"Alute hakuniona mimi?" Emilian aliuliza.

"Amekuona. Amekuona unavyohema!" Antipasi alicheka peke yake.

Scholastika alifika na mizigo mingi. Watoto walimfuata, wazee walimzunguka. Baba yao, mzee Laurenti, hakuwa amecheka tangu msiba. Siku hiyo alishika mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni, akayavaa mikononi, akacheka mpaka akakohoa. Emilian alikuwa amekaa na baba huyo karibu siku arobaini bila kupata tabasamu hata moja.

"Shikamoo, kaka," Scholastika alisema.

"Marahaba." Akageuka, akaingia ndani.

Siku mbili baada ya arobaini, watu walikusanyika lamboni. Scholastika alimwomba Alute azime pampu na kumpa ufunguo.

"Pampu ikiwaka mtu akiwa chini, inaweza kumnasa mkono kwenye bomba," alieleza. Kisha akamgeukia Emilian. "Kaka, kazini kwetu hatuzami bila mwenzetu majini. Leo mwenzangu hayupo. Sasa sizami bila kamba, na kamba utashika wewe. Siwezi kumpa mtu mwingine."

Emilian aliitazama kamba. Kwenye visima, anayeshika kamba ni yule anayeogopa kushuka. Mara ngapi Antipasi alikuwa amekaa juu akila karanga, yeye akiwa gizani chini? Leo yeye ndiye wa karanga.

Scholastika akaanza kueleza. "Nikivuta mara moja, niko salama. Mara mbili, nilegezee kamba. Mara tatu..."

Emilian alikuwa akiwatazama watu wanavyomtazama dada yake. Alute alisimama ameachama kama mtoto mbele ya keki.

"Umenisikia, kaka?"

"Mimi na kamba, unanifundisha?" alijibu. "Zama."

Scholastika akazama. Mapovu yakapanda juu. Dakika zikapita, na kila baada ya muda kidogo kamba ilivutwa mara moja. Kisha ikavutwa mara tatu.

Kwa mafundi wa visima wa kule, kuvuta mara tatu kuna maana moja tu. Chini kuna hewa mbaya, mtu anazimia, mvute upesi kabla hajafa. Emilian alikuwa ameokolewa hivyo mara moja. Naye alikuwa amewaokoa watu wawili hivyo.

"Anakufa!" alipiga kelele. "Antipasi, shika!"

Walivuta kwa nguvu zote. Scholastika alichomoka majini kama samaki kwenye ndoano. Damu ilikuwa inamtoka puani.

"Kwa nini?" alisema kwa shida. "Kaka, kwa nini umenivuta?"

Walimkimbiza zahanati. Muuguzi aliyekuwa zamu, Jesca, alimlaza na kumpima kifua, kisha akaagiza apelekwe hospitali ya Ikungi siku hiyohiyo. Daktari alimpiga picha ya mapafu. Mapafu yalikuwa mazima. Sikio moja lilikuwa limeumia, na alikatazwa kuzama kwa wiki nne.

"Una bahati," daktari alisema. "Ungebana pumzi, tungekuwa tunaongea mengine."

Waliporudi nyumbani, Emilian aliwasha moto, akabandika maziwa. Scholastika alikaa kwenye kigoda, pamba sikioni.

"Nieleze," Emilian alisema mwishowe. "Kisimani ukimvuta mtu upesi unamwokoa. Nimekosea wapi?"

"Kisimani hatari ni hewa mbaya. Majini mimi nina hewa yangu nzuri, mtungini. Hatari yangu ni kupanda haraka." Alionyesha sufuria. "Unayaona maziwa? Yanapanda. Ungefunika na kukaza mfuniko?"

"Yangeusukuma mfuniko na kumwagika yote."

"Ndivyo hewa ilivyo kifuani. Kule chini maji yanaikandamiza. Ninapopanda, inatanuka. Pumzi niliyovuta chini, ikifika juu inakuwa moja na nusu, na zaidi. Nikipanda polepole na kupumua, inatoka yenyewe. Nikibana pumzi, inachana mapafu. Leo nilipoona unanivuta, nilipuliza tu nje. Nilipuliza njia nzima. Ndiyo maana niko hapa."

"Na ile mara tatu?"

"Mara tatu ni 'nakuja juu, kusanya kamba polepole.' Hatari ni kuvuta mara nyingi bila kuacha. Nilikueleza, kaka."

Emilian aliyatoa maziwa motoni.

"Sikuwa nakusikiliza," alisema. "Nilikuwa nakuonea wivu."

Scholastika alimgeuzia sikio lake zima.

"Mama siku ya mwisho alikuuliza wewe. Mimi nimemshika mkono, yeye anauliza, 'Skola kaja?' Halafu lambo nalo, wewe. Baba anacheka, kwa sababu yako. Nikaona mimi nimebaki wa kushika kamba."

Scholastika alilia kwa muda. Kisha akajifuta kwa upande wa khanga.

"Kila nilipopiga simu nilimuuliza mama anaendeleaje," alisema. "Alijibu, 'Emilian yupo.' Hakusema anaumwa wala amepona. 'Emilian yupo' tu. Kaka, mtu humuulizia asiyemwona. Wewe alikuwa anakuona."

Emilian alimimina maziwa kwenye vikombe viwili. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alilala.

Wiki zile nne alijifunza. Ishara za kamba walizirudia asubuhi na jioni. Scholastika alisema, Emilian akarudia kwa sauti. Kisha Emilian akasema, Scholastika akarudia. Walikwenda uwanjani wakazijaribu kwa kamba, dada akitembea, kaka akikusanya. Mikono ya Emilian ilikuwa na haraka ya miaka ishirini. Ilibidi aikemee.

"Usinivute kabisa," Scholastika alimwambia. "Mimi ndiye ninayekuja. Wewe pokea kamba inayolegea."

Daktari alipomruhusu Scholastika, watu walirudi lamboni. Wengine walinung'unika kumwona Emilian na kamba tena.

"Wewe Skola, umechoka kuishi?" Antipasi aliuliza. "Huyu si ndiye aliyekuvua kama kambare?"

"Ndiye," Scholastika alijibu. "Na wewe ulisaidia."

Watu walicheka. Alute alizima pampu. Safari hii Scholastika alimkabidhi Emilian ufunguo. Walirudia ishara mbele ya watu wote. Akazama.

Kamba ilivutwa mara moja. Kisha mara moja tena. Magugu yalianza kuibuka, matope yakachafua maji. Emilian hakuwatazama watu. Aliitazama kamba.

Ikavutwa mara tatu.

"Tatu hizo!" Antipasi aliropoka. "Vuta!"

Kila mshipa wa mkono wa Emilian ulitaka kuvuta. Hakuvuta. Kamba ililegea shibiri moja, akaikusanya. Ikasimama, naye akasimama. Mwanamke mmoja alianza kusali kwa sauti. Ikalegea shibiri nyingine. Kutoka mita sita mpaka juu, Emilian aliona mwaka mzima umepita.

Kichwa cha Scholastika kiliibuka taratibu. Aliondoa mpira mdomoni.

"Chujio ni safi," alisema. "Limebaki kujengewa uzio wa wavu, magugu yasirudi."

Shangwe zikapigwa. Alute alinyoosha mkono haraka. "Lete ufunguo, Emilian! Tuwashe, watu wana kiu!"

Emilian aliufumbata ufunguo.

"Mwacheni kwanza," alisema. "Bado ana mguu majini."

Alisubiri mpaka dada yake amefika nchi kavu na kuvua mapezi. Ndipo akatoa ufunguo. Jioni ile maji yalitoka katika mabomba yote matano, na wanawake walichota mpaka giza likaingia.

Scholastika alirudi Mafia. Siku hizi, kabla mtu hajashuka kisimani, Emilian husema ishara, na mwenzake huzirudia neno kwa neno. Asiyerudia hashuki, wala hashiki kamba. Juzi Antipasi alilalamika kwamba kurudia kunawachelewesha.

"Kweli, kunachelewesha," Emilian alisema. "Haya, mara tatu ni nini?"