Naftalini kwenye Mto wa Twiga

Ndugu wasomaji, natangaza rasmi kwamba mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu wa Burudani katika bweni letu. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, nikiwa nadeki vyoo kwa adhabu.

Kila asubuhi tulitandika vitanda, tukapanga foleni ya uji, kisha tukakimbilia darasani. Rafiki yangu Twiga, mrefu kuliko kitanda chake, alikuwa na mafua makali, hasikii harufu yoyote. Nikaona fursa. Nilifumua mto wake nikajaza naftalini, vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kwenye nguo zisiliwe na wadudu.

"Twiga, unanuka kama sanduku la bibi!" nikamwambia, bweni zima likacheka.

"Wivu tu huo," akajibu, akaukumbatia mto wake.

Baada ya siku chache hatukucheka tena. Macho yake yaligeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na ngazi zilimshinda. Matroni alimkimbiza hospitali, mimi nyuma nimebeba blanketi na mto.

Mama yake alitukuta huko.

"Si malaria," daktari alimwambia. "Chembe nyekundu za damu yake zinavunjika. Mwilini tuna jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza protini. Jeni iitwayo G6PD hutengeneza protini inayozikinga chembe hizo. Ya mwanao ina hitilafu. Anaweza kuishi vizuri tu, mpaka aguswe na kitu kinachoichokoza damu: maambukizi, dawa fulani, hata naftalini."

"Hitilafu hiyo kaitoa wapi?"

"Mtoto wa kiume huirithi kwa mama."

Mama akajishika kichwa. "Kumbe ni mimi ninayemuua mwanangu!"

Twiga alikuwa ameulalia ule mto, anahema kwa shida. Nikauvuta.

"Wewe! Unamnyang'anya mgonjwa mto?" matroni akafoka.

"Nataka... kuuanika, matroni."

"Kwenye mvua hii?"

Akaunyakua. Kidonge kikadondoka, kikabingirika hadi kwenye kiatu cha daktari.

Daktari hakupiga kelele. Aliamuru mto utolewe nje, Twiga abadilishwe nguo na aongezewe damu. "Tumewahi, atapona," alisema. "Lakini asubuhi nzima nimetafuta kitu ambacho kuna mtu alikijua. Utani usiothubutu kuusema mbele ya daktari si utani. Ukikosea, sema mapema, mwenzako akiwa bado hai."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Wote walinitazama mimi, isipokuwa mama. Yeye aliushika mkono wa mwanawe, akimwomba msamaha. Nilitafuta neno la kuchekesha, nikalikosa.

"Mama, usilie," nikasema. "Hujamfanya kitu. Niliyeweka naftalini kwenye mto ni mimi."